Ramani tayari, fundi, msanifu au kampuni: nani akuulize kabla ya msingi kuchimbwa?

Kiwanja umekwishalipia, hati iko kabatini, na sasa kila mtu ana ushauri. Shemeji anakutumia ramani aliyoipata mtandaoni. Fundi wa jirani anasema haina haja, yeye nyumba ameshajenga nyingi. Rafiki wa kazini anasisitiza uende kwa msanifu majengo, na kuna kampuni inatangaza kwamba itachora, itajenga na kukukabidhi funguo. Ukiwauliza wote bei ya mchoro tu utachagua haraka, na pengine vibaya, kwa sababu mchoro ni sehemu ndogo mno ya gharama ya nyumba. Kinachozitenganisha njia hizi nne ni nani anakaa na wewe kukuuliza mnaishije, anauliza lini, na jibu lako linafanyiwa nini baada ya hapo.

Ninalinganisha kwa ajili ya nyumba ya kuishi ya mtu binafsi, hasa Tanzania, ingawa msomaji wa Mombasa au Kisumu ataona mengi yanafanana. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, yaani kuhesabu vifaa na gharama za ujenzi, kwa hiyo jicho langu linakimbilia kwenye fedha. Lipunguzie kidogo unaposoma.

## Mambo matano ya kupimia

Maswali. "Nataka vyumba vitatu, kimoja masta" ni jibu lililotolewa kabla ya swali. Mahitaji yenyewe yako chini yake. Nani anapika, na anapikia wapi? Nyumba nyingi zina jiko la gesi ndani, lakini maharage na pilau la shughuli vinapikwa uani kwa mkaa au kuni. Asiyeuliza hilo atakuchorea jiko la wazi linaloungana na sebule, na moshi utajua pa kwenda. Mama mkwe akija kukaa miezi miwili analala wapi, na anafika chooni bila kukatiza mbele ya wageni? Siku ya msiba turubai litafungwa wapi? Kuna fremu ya duka mbele, au vyumba vya kupangisha baadaye? Familia nyingi za Kiislamu hazitaki choo kinachoelekea kibla, na kwa Dar es Salaam kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja. Kwenye karatasi jambo hilo linarekebishwa kwa kifutio. Bomba likishafukiwa na vigae kubandikwa, ni nyundo.

Halafu kuna swali linalorukwa kuliko yote: mteja ni nani? Anayelipa anaweza kuwa baba, atakayeshinda humo ni mama na watoto, na bibi ndiye mwenye magoti yasiyopanda ngazi. Ushauri wangu kwa njia yoyote utakayochagua ni mume na mke waandike orodha zao kila mmoja peke yake, kisha wazilinganishe. Nimeona orodha mbili za nyumba moja ambazo kitu pekee kilichofanana ni idadi ya vyumba.

Kiwanja. Udongo, mteremko, maji ya mvua yanakopita, jua na upepo. Pwani kuna kusi, karibu Aprili hadi Oktoba, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Nyumba iliyofungua madirisha kwa pepo hizo na kuupa ukuta mfupi jua la magharibi inakaliwa bila feni kuzunguka usiku kucha. Iringa au Mbeya unataka kinyume chake, jua liingie. Bukoba walikumbushwa jambo jingine tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipobomoa nyumba nyingi.

Bajeti. Je, inatajwa kabla ya mchoro, au inagundulika baada yake?

Kubadili mawazo. Utabadili, usijidanganye. Cha kuuliza ni njia gani inakuruhusu ubadili mapema, wakati bado ni rahisi.

Maandishi. Kinachobaki mkononi siku mnapokumbushana nani alisema nini.

## Ramani tayari

Maswali. Hakuna anayekuuliza. Unajiuliza mwenyewe huku ukipitisha picha kwenye simu. Hilo si baya lote. Watu wengi hawasomi michoro, na picha yenye rangi, paa na maua inawapa kitu cha kukikataa au kukikubali. Wapo wanaogundua mahitaji yao kwa kutazama ya wengine: "hapana, hii korido ndefu siitaki." Kama nyumba ya ramani hiyo imeshajengwa mahali, omba ukaione na umuulize mwenyewe nini kinamkera. Atakwambia zaidi ya muuzaji.

Kiwanja. Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Ramani ilichorwa kwenye ardhi tambarare isiyo na jirani. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20 na nyumba yenye upana wa mita 15. Ukiiweka katikati zimebaki mita mbili na nusu kila upande, na humo bado hujaweka shimo la choo, simtanki na njia ya gari, wala hujauliza halmashauri inataka uache nafasi kiasi gani hadi mpakani. Vilevile muuzaji hajui kusi inatokea upande gani wa kwako. Na yale mapaa ya kuficha yanayopendwa sasa yana mifereji nyuma ya ukuta. Majani yakiiziba wakati wa masika, maji yanarudi kwenye dari. Ukiyataka, chukua, lakini kubali na kazi ya kupanda kusafisha.

Bajeti. Baadhi ya ramani huja na mchanganuo wa vifaa, na huo ni msaada wa kweli, mradi usome idadi na uachane na bei. Idadi ya tofali haitabadilika sana kutoka mkoa hadi mkoa. Bei ya mchanga, kokoto na usafiri itabadilika.

Kubadili mawazo. "Nisogezee tu choo upande huu" huvuta bomba, bomba huvuta shimo, shimo huvuta njia ya gari. Mabadiliko mawili madogo, sawa. Yakifika matano umeshaacha ramani ile, unachora nyingine bila mchoraji.

Maandishi. Michoro ipo, ila uliza kama ina mhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa, maana utaihitaji kwenye kibali cha ujenzi. Mahitaji yako hayajaandikwa popote.

Inamfaa mwenye kiwanja tambarare kilichopimwa, familia yenye maisha ya kawaida, na nidhamu ya kutobadili.

## Fundi na mazungumzo ya uwanjani

Maswali. Fundi atauliza vyumba vingapi, tofali za inchi ngapi, na bati gani. Mara nyingi anakujengea nyumba aliyoijenga mwisho, na pale penye tofauti anaongeza veranda. Simlaumu: anaulizwa bei kabla hajapata nafasi ya kuuliza chochote. Lakini fundi mzuri wa mtaani ana ujuzi ambao sijauona kwenye fomu yoyote. Anajua familia za hapo zinavyoishi. Nyumba ya zamani ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma wenye jiko na choo, haikutokana na andiko la mtu. Ilijengwa na mafundi walioelewa kwamba mgeni anaishia barazani na mpangaji anahitaji mlango wake.

Kiwanja. Nguvu yake iko hapa. Amechimba visima na mashimo ya choo kwa majirani, anajua maji yako kina gani na wapi mfinyanzi unaanza. Asichokifahamu ni jinsi ya kukokotoa msingi wa mfinyanzi huo. Atazidisha nondo kwa hofu au atazipunguza kwa mazoea.

Bajeti. Inaingia vipande vipande: msingi, boma, lenta, kupaua, plasta, umaliziaji. Kwa anayejenga kwa mshahara na kikoba, mpangilio huu ndio unaowezekana, na ushauri unaoupuuza haumsaidii mtu. Tatizo ni kwamba hesabu ya fundi huwa sahihi kwa hatua iliyo mbele yake na ya kukisia kwa zinazofuata. Maboma unayoyaona yameota majani kando ya barabara mengi yalikuwa na hesabu nzuri ya tofali. Paa ndilo lililowashinda.

Kubadili mawazo. Kabla ya kuchimba, hakuna njia iliyo nyepesi kama hii. Vigingi vya mti vinapigwa, kamba inavutwa, chokaa inamwagwa, na unatembea ndani ya nyumba yako. Wapeleke watakaoishi humo wote. Chumba kilichochorwa chini huonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa, kwa hiyo usikipime kwa macho. Nenda na vipimo vya vitu vyako. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, kikisukumwa ukutani, kinaacha futi 4. Weka kabati lenye kina cha futi 2 upande huo, zimebaki 2, na bado mlango haujafunguka. Jambo kama hili linaonekana pale pale kwenye chokaa. Kuta zikishapanda, kila badiliko ni malipo ya kubomoa na malipo ya kujenga tena.

Maandishi. Kwa kawaida hakuna, isipokuwa daftari la vifaa na ujumbe wa simu. Hata ukurasa mmoja wenye vipimo, hatua, malipo na saini mbili unapunguza ugomvi.

Inamfaa anayejenga kwa awamu, anayekuwepo eneo la kazi, na mwenye nyumba ya chini isiyo na jambo la ajabu. Ghorofa haimo humu kabisa.

## Msanifu majengo anayejitegemea

Maswali. Kuuliza ndiyo kazi yake unayolipia. Mwongozo wa hatua za mradi wa RIBA, chama cha wasanifu majengo cha Uingereza, toleo la 2020, una hatua nane, kuanzia 0 hadi 7, na usanifu wa wazo unaanza hatua ya 2. Mbili za kwanza ni za kuuliza kama kujenga ndilo suluhisho, na kuandika kinachotakiwa kabla ya kuchora. Pengine unachohitaji ni kuongeza vyumba viwili kwenye nyumba uliyonayo.

Kwetu si kila msanifu anakwenda hivyo. Wapo wanaofungua kompyuta ukiwa bado unaeleza. Mpime kwa kikao cha kwanza: akitoka na picha bila kukuuliza nani analala wapi, utakuwa umenunua ramani tayari kwa bei ya msanifu. Akiuliza maswali mpaka ukachoka kidogo, kaa naye.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao wasanifu hawapendi kuusikia. Baadhi yao wanasikiliza vizuri kisha wanachora nyumba wanayotaka wao ionekane. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi, Dar es Salaam, ni haja ya nani?

Kiwanja. Anakuja kukiona, anataka vipimo vya mpima ardhi, na panapohitajika anamwita mhandisi apime udongo. Kwenye mteremko wa Mwanza, tofauti kati ya nyumba iliyofuata mlima na ile iliyolazimisha ardhi iwe sawa ni lori kadhaa za kifusi na ukuta wa kuzuia ambao mwenyewe hakuuweka kwenye bajeti.

Bajeti. Mwambie kiasi ulichonacho kikao cha kwanza. Wateja wengi wanaficha, wakihofu kwamba akijua zipo atazitumia zote. Matokeo yake anachora nyumba isiyojengeka na mnaanza upya. Mkadiriaji akiingia wakati bado ni michoro ya penseli, kupunguza mita kumi za mraba ni mazungumzo ya dakika chache.

Kubadili mawazo. Kipindi cha michoro ya awali ni cha kubadili. Kubalianeni mapema marudio mangapi yamo ndani ya ada, kwa sababu hapo ndipo urafiki huvunjika.

Maandishi. Dai andiko la mahitaji lililosainiwa, kabla ya mchoro: watu, vyumba na matumizi yake, vitu vitakavyokaa humo, bajeti, muda, na yale mliyokubaliana kuyaacha. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Thibitisha usajili wake: Tanzania ni kwa Bodi ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, na Kenya ni kwa bodi ya huko, BORAQS.

Inamfaa mwenye kiwanja kigumu, kaya yenye watu wa rika nyingi, au nyumba yenye matumizi mchanganyiko.

## Kampuni inayochora na kujenga

Maswali. Yapo, kwenye fomu, na mengine ni mazuri. Ila anayeuliza huwa ni mtu wa mauzo, na majibu yanaelekea kwenye aina za nyumba ambazo kampuni imezoea kuzijenga. Mahitaji yako yakifanana nazo umepata bahati. Yasipofanana utaona yanasukumwa polepole, kwa upole, hadi yafanane.

Kiwanja. Wanakikagua, kwa kuwa hasara ya msingi ni yao. Angalia tu kama mkataba unasema wakikuta mwamba au maji chini atalipa nani.

Bajeti. Ndiyo njia inayoitaja mapema kuliko zote, na kwa uwazi. Bei moja, ratiba moja, mlango mmoja wa kugonga. Kwa mtu wa mkopo wa benki hilo lina uzito mkubwa.

Kubadili mawazo. Kabla ya saini, bure. Baada ya saini, kila badiliko ni kazi ya nyongeza, na bei ya nyongeza unapangiwa na mtu ambaye huwezi tena kumwacha. Kwa hiyo njia hii inamdai mteja ajijue kabla ya kuingia. Anayegundua anachotaka kwa kuona ukuta umesimama, huku atalia.

Maandishi. Mengi, yaliyoandikwa na wao. "Vigae vya kisasa" na "milango bora" si vipimo. Dai aina, ukubwa na mahali. Mlipe mkadiriaji wa nje asome mkataba mara moja. Usajili wa makandarasi Tanzania uko kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na Kenya kwa Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, NCA.

Inamfaa mwenye fedha tayari, asiye na muda, na mwenye mahitaji yasiyo na mikunjo mingi.

## Kwa hali yako

Kiwanja kimepimwa, ni tambarare, fedha zinakuja kwa awamu: ramani tayari na fundi mzuri vinaweza kutosha, ukiongeza siku moja ya kumlipa mtaalamu aikalishe ramani kwenye kiwanja chako, aigeuze kwa upepo na jua, na ahakikishe shimo la choo linapata mahali. Malipo ya siku hiyo ni madogo kuliko kosa moja la msingi.

Kiwanja cha mteremko, cha mfinyanzi, chenye maji karibu, au kilichoko ukanda wa matetemeko: msanifu pamoja na mhandisi, hata kama itabidi upunguze chumba kimoja ili kuwalipa.

Wazee, watoto wakubwa, mpangaji na duka chini ya paa moja: msanifu. Mahitaji yakigongana anatakiwa mtu wa kuyasuluhisha ambaye hauzi tofali.

Uko Muscat au Toronto na unajenga Kigamboni: chagua kati ya kampuni yenye mkaguzi wa nje unayemlipa wewe, na msanifu ambaye mkataba wake una usimamizi hadi mwisho. Kutuma ramani kwa WhatsApp na fedha kwa kaka ni njia ya tano ambayo sikuilinganisha, inategemea kaka.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000: ramani tayari haina nafasi. Anzia kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ujue unaruhusiwa nini, kisha tafuta msanifu anayejua kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa sababu huko hitaji la jengo linasikilizwa sawa na hitaji lako.

Nyumbani hamjakubaliana: usisaini na kampuni bado. Pigeni kamba na chokaa na fundi, au nunueni saa chache za msanifu, kisha mrudi kwenye bei.

Na kama boma limekwishasimama na sasa unafikiria kuongeza ghorofa, usianze na mchoro kutoka popote kati ya hizi nne. Anza na mhandisi, afukue pembeni ya msingi aone kilichomo.